Mipaka ya Kauli: Kuzalisha Mifuatano kutoka katika Vekta kwa Lugha ya R

1.0 Utangulizi

Uchambuzi wa matini kwa kompyuta umekwishakuwa sehemu ya kawaida ya taaluma za Kiswahili. Mtafiti anayetaka kujua neno fulani limetumika mara ngapi, limetumiwa na nani, na limeandamana na maneno gani, halazimiki tena kupekua kurasa moja baada ya nyingine. Hata hivyo, kazi hiyo ina hatua moja ambayo aghalabu hupitwa bila maelezo, nayo ni kuzalisha mifuatano ya namba inayoonyesha ni maneno yapi ya matini yanayohusika na swali la utafiti. Hatua hii huonekana kuwa ndogo, lakini ikikosewa, matokeo yote yanayofuata hukosewa pamoja nayo, na mara nyingi bila kompyuta kulalamika.

Makala haya yanaeleza jinsi mifuatano hiyo inavyozalishwa kutoka katika vekta kwa kutumia lugha ya R. Lugha hii ya takwimu iliundwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa kufuata mfano wa lugha ya S iliyoasisiwa na John Chambers na wenzake katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1976. Toleo lake la 1.0.0 lilitolewa tarehe 29 Februari 2000. Kwa kuwa R ni programu huria isiyolipiwa, inafaa kwa vyuo vikuu vyenye bajeti finyu. Hoja kuu ya makala ni kwamba mfuatano wa namba juu ya matini si hesabu tupu. Ni dai kuhusu mahali kauli ya mtu inapoanza na mahali inapoishia, na dai hilo ni wajibu wa mtafiti, si wa mashine.

2.0 Mitwaba na tatizo la mipaka ya kauli

Mitwaba ni wilaya iliyoko zaidi ya kilomita 300 kaskazini mwa Lubumbashi, katika jimbo la Haut-Katanga lililozaliwa mwaka 2015 baada ya jimbo la Katanga kugawanywa. Jina lake lilijulikana mbali katika muongo wa kwanza wa karne hii kwa sababu ya huzuni. Eneo lililo kati ya Manono, Mitwaba na Pweto liliitwa pembetatu ya kifo, kutokana na vita kati ya wanamgambo wa Mai-Mai na majeshi ya serikali, vita vilivyowafanya watu wengi kuyahama makazi yao. Mwezi Mei 2006 kiongozi wa wanamgambo hao, Gédéon Kyungu Mutanga, alijisalimisha huko Mitwaba kwa walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Kesi yake iliendeshwa na mahakama ya kijeshi huko Kipushi, karibu na Lubumbashi, na mwezi Machi 2009 alitiwa hatiani kwa makosa dhidi ya ubinadamu.

Katika mambo kama haya, kauli za watu walioona kwa macho yao ni hazina ya historia. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa na katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006, na huko Katanga ndicho kinachowaunganisha wasemaji wa lugha nyingi za asili. Kauli inapochukuliwa kwa kinasa sauti na kunakiliwa, maneno ya shahidi mmoja hufuatana na swali la mhoji, kisha hufuatwa na maneno ya shahidi mwingine. Karatasi huonyesha mipaka hiyo kwa majina na aya. Kompyuta inapopokea maneno hayo kama mkufu mmoja mrefu, mipaka hupotea, na kazi ya kuirudisha ni ya mtafiti.

Tatizo hili si geni kwa wataalamu wa Kiswahili cha Katanga. Walter Schicho na Mbayabo Ndala walipochapisha mwaka 1981 michezo ya kikundi cha Mufwankolo cha Lubumbashi, walishughulika na mazungumzo ambayo ndani yake kila kauli ina mwenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa Vincent de Rooij, ambaye utafiti wake wa mwaka 1996 ulichunguza mchanganyiko wa Kiswahili na Kifaransa katika mazungumzo ya watu wa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa kati ya 1971 na 1997. Bila kujua nani amesema nini, uchambuzi wa namna hiyo hauwezekani.

3.0 Vekta na nuktapacha

Katika lugha ya R, vekta ni safu ya thamani za aina moja zilizopangwa kwa nafasi: ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kuendelea. Matini iliyokatwa neno kwa neno ni vekta ya maneno. Ichukuliwe kwa mfano matini fupi ya maneno 40, iliyohifadhiwa kwa jina la maneno. Namba zinazofuata zimetungwa kwa ajili ya maelezo tu:

Shahidi A: neno la 1 hadi la 12
Mhoji: neno la 13 hadi la 17
Shahidi B: neno la 18 hadi la 31
Mhoji: neno la 32 hadi la 34
Shahidi C: neno la 35 hadi la 40

Njia fupi ya kuzalisha mfuatano ni kutumia nuktapacha. Amri 18:31 hutoa namba zote kuanzia 18 hadi 31, na amri maneno[18:31] hutoa maneno yote ya Shahidi B. Pale inapohitajika kuruka, hutumiwa amri ya seq. Kwa mfano, mtafiti anayetaka kukagua neno moja katika kila matano ataandika:

(1) seq(1, 40, by = 5)

na atapata 1, 6, 11, 16, 21, 26, 31 na 36.

Mambo mawili kuhusu nuktapacha yanafaa kuwekwa akilini. Kwanza, nuktapacha hutangulia kujumlisha na kutoa. Anayeandika 1:5-1 kwa kutarajia 1, 2, 3, 4 atapata 0, 1, 2, 3, 4, kwa kuwa mfuatano huzalishwa kwanza kisha kila namba hupunguzwa moja. Lililokusudiwa ni 1:(5-1). Pili, nuktapacha hukubali kwenda kinyumenyume. Mtu akikosea kuandika 13 mahali pa 31, amri 18:13 haitakataliwa. Itatoa 18, 17, 16, 15, 14 na 13, yaani neno moja la shahidi likifuatwa na maneno yote matano ya mhoji, tena kwa mpangilio uliopinduliwa.

4.0 Jozi za mianzo na miisho

Swali la utafiti kwa kawaida halihusu kauli moja, bali nyingi kwa pamoja. Kwa mfano huu, mtafiti anataka maneno ya mashahidi wote watatu bila ya mhoji. Mianzo na miisho ya kauli zao huhifadhiwa katika vekta mbili:

(2) mwanzo <- c(1, 18, 35)
mwisho <- c(12, 31, 40)

Mtu aliyezoea nuktapacha hushawishika kuandika mwanzo:mwisho. Hapo ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote. Nuktapacha haijui kushughulikia jozi nyingi kwa mara moja. Hutazama thamani ya kwanza ya kila vekta, na nyingine huziacha. Matokeo ni namba 1 hadi 12 pekee. R hutoa onyo, lakini onyo si kosa: kazi huendelea, na katika programu ndefu onyo hilo hupita bila kuonekana. Mashahidi walikuwa watatu, lakini uchambuzi utafanywa juu ya mmoja, na wawili watakuwa wamenyamazishwa na alama moja ya uandishi.

Njia iliyo sahihi ni kuiagiza R ioanishe kila mwanzo na mwisho wake:

(3) Map(seq, mwanzo, mwisho)

Amri hii hutoa orodha yenye mifuatano mitatu, wa kwanza ukiwa na namba 12, wa pili 14 na wa tatu 6. Faida yake ni kwamba kauli hubaki zimetengana, kila moja katika chumba chake. Ikihitajika kuziunganisha kuwa vekta moja, hutumiwa unlist. Iko pia amri ya mapply ambayo hufanya kazi hiyo hiyo, ila ina tabia ya kubadili umbo la matokeo. Endapo kauli zote zitakuwa na urefu sawa, mapply huzipanga katika jedwali la safu na mistari badala ya orodha. Programu iliyofanya kazi vizuri kwa matini moja inaweza kuvurugika kwa nyingine, si kwa sababu ya makosa ya data, bali kwa sababu urefu wa kauli umelingana kwa bahati. Kwa hiyo Map ni salama zaidi.

Tangu toleo la 4.0.0 la mwaka 2020, R imewezesha pia kuzalisha mifuatano mingi moja kwa moja kwa amri ya sequence, ambayo hupewa urefu wa kila mfuatano pamoja na mahali pa kuanzia:

(4) sequence(mwisho - mwanzo + 1, from = mwanzo)

Matokeo ni vekta moja yenye namba 32. Kile +1 kisidharauliwe. Mtu aliyelima matuta kuanzia tuta la 18 hadi la 31 amelima matuta 14, si 13, kwa kuwa tuta alilolianza nalo limelimwa. Anayesahau kuongeza moja atapata urefu wa 11, 13 na 5, jumla 29, na kila shahidi atakuwa amekatwa neno lake la mwisho. Katika Kiswahili, hasara hiyo inaweza kuwa kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwani mwishoni mwa sentensi ndipo mara nyingi panapokaa yambwa, mahali au wakati: kilichochukuliwa, palipotokea jambo, siku lilipotokea.

5.0 Kuambatanisha majina ya wasemaji

Baada ya kuyatoa maneno 32 ya mashahidi, ni lazima kila neno libaki na jina la mwenyewe. Hapa hutumiwa amri ya rep, ambayo huzalisha mfuatano kwa kurudia thamani za vekta. Amri hiyo ina njia tatu, na tofauti yake ndiyo inayoamua nani atahesabiwa kuwa amesema nini:

(5) rep(c("A", "B", "C"), times = c(12, 14, 6))

Hii hutoa A mara 12, kisha B mara 14, kisha C mara 6, kama ilivyo katika matini. Kama badala ya times ingewekwa each = 6, kila jina lingerudiwa mara sita sawasawa, na maneno ya Shahidi A yangeanza kuhesabiwa kuwa ya B kuanzia neno lake la saba. Majina yangeishia kwenye neno la 18 kati ya 32, na upungufu huo ungeweza kumzindua mtafiti. Hatari zaidi ni length.out = 32, ambayo huzungusha majina A, B, C, A, B, C mpaka namba itimie. Urefu wa vekta utakuwa sahihi kabisa, hakuna onyo litakalotolewa, na takriban kila neno litakuwa na uwezekano mkubwa wa kupewa mtu asiyelisema. Kulingana kwa urefu, basi, si uthibitisho wa kulingana kwa maana.

6.0 Dirisha la muktadha

Matumizi mengine ya kawaida ni kuorodhesha neno pamoja na maneno yanayolizunguka. Ikiwa neno vita limepatikana katika nafasi ya 3, ya 20 na ya 38, na mtafiti anataka maneno manne kabla na manne baada, mianzo ya madirisha itakuwa -1, 16 na 34, na miisho itakuwa 7, 24 na 42. Namba hizi zina kasoro za aina mbili.

Kasoro ya aina ya kwanza ni kuvuka mipaka ya matini. Matini haina neno la -1 wala la 42. R hukataa kuchanganya nafasi hasi na chanya katika amri moja, na hujaza alama ya NA, yaani thamani isiyokuwapo, mahali panapozidi mwisho wa vekta. Kasoro hii hujionyesha yenyewe, na wengi huisahihisha kwa kuweka 1 na 40 kuwa mipaka ya nje.

Kasoro ya aina ya pili haijionyeshi. Dirisha la 16 hadi 24 linaanza na maneno mawili ya mhoji, na dirisha linaloanzia 34 lina neno moja la mhoji. Ikiwa mhoji aliuliza swali lenye jina la kundi fulani la wapiganaji, jina hilo litaorodheshwa kando ya neno vita kana kwamba shahidi ndiye aliyeviunganisha. Msomaji wa jedwali la mwisho hatakuwa na njia ya kujua kwamba tuhuma ilitoka kinywani mwa aliyeuliza. Dawa ni kutumia mipaka ya kauli badala ya mipaka ya matini:

(6) nafasi <- c(3, 20, 38)
k <- findInterval(nafasi, mwanzo)
a <- pmax(mwanzo[k], nafasi - 4)
b <- pmin(mwisho[k], nafasi + 4)
Map(seq, a, b)

Amri ya findInterval hutambua kila nafasi imo katika kauli ya ngapi. Amri ya pmax huchagua namba kubwa kati ya kila jozi, na pmin huchagua ndogo. Mianzo sasa ni 1, 18 na 35, na miisho ni 7, 24 na 40. Hakuna neno la mhoji lililomo. Sharti moja lizingatiwe: nafasi ambazo neno limetamkwa na mhoji mwenyewe ziondolewe kwanza, kwa kuwa findInterval huangalia mianzo peke yake na ingeziweka katika kauli ya shahidi aliyetangulia. Matumizi ya k yana faida nyingine pia. Neno likitokea mara sita na kauli zikawa tatu, kulinganisha nafasi na mwanzo bila k kungeifanya R irudie vekta fupi kimyakimya ili ilingane na ndefu, na mipaka ya shahidi mmoja ingepewa mwingine.

7.0 Neno lisilopatikana

Limebaki suala la neno ambalo halimo katika matini. Programu nyingi hupitia matokeo kwa mfuatano wa 1:length(nafasi). Neno likipatikana mara tatu, mfuatano huo ni 1, 2, 3. Lisipopatikana kabisa, urefu ni sifuri, na 1:0 haitoi mfuatano mtupu bali hutoa 1 na 0. Programu huzunguka mara mbili juu ya kitu kisichokuwapo. Amri ya seq nayo ina hila yake: seq(nafasi) hutoa 1, 2, 3 pale nafasi zikiwa tatu, lakini nafasi ikiwa moja tu, tuseme ya 20, hutoa namba 1 hadi 20. Amri isiyo na mashaka ni seq_along(nafasi), ambayo hutoa mfuatano mtupu panapokuwa hapana kitu, na namba moja panapokuwa na kitu kimoja.

Kwa matini za Katanga jambo hili lina uzito wa pekee. Mtafiti aliyelelewa katika Kiswahili sanifu akitafuta neno watu, anaweza asilipate hata mara moja, kwa kuwa wasemaji wa Katanga husema batu au bantu, wakitumia kiambishi ba- katika ngeli ya viumbe wengi. Vivyo hivyo mtoto husemwa mutoto. Mfuatano mtupu hapa hauna maana kwamba watu hawakutajwa. Unamwambia mtafiti kwamba swali limeulizwa kwa lahaja isiyo ya waliojibu. Programu inayobuni namba mbili za uongo badala ya kukiri utupu humnyima mtafiti nafasi ya kugundua hilo. Utafutaji ulio bora huanza na vekta ya maumbo yote yanayotarajiwa:

(7) nafasi <- which(maneno %in% c("watu", "batu", "bantu"))

Orodha ya maumbo hayo haitolewi na kompyuta. Hutokana na ujuzi wa lahaja, ujuzi ulioanza kujengwa na kazi kama ile ya Edgar Polomé ya mwaka 1968 kuhusu Kiswahili cha Lubumbashi.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba njia za kuzalisha mifuatano kutoka katika vekta ni chache na zinaweza kujifunzwa kwa siku moja: nuktapacha kwa kauli moja, Map au sequence kwa kauli nyingi, rep kwa majina, pmax na pmin kwa mipaka, na seq_along kwa kuhesabu bila kubuni. Makosa yake pia ni machache, ila mengi kati ya hayo hutokea kimya.

Kwa hiyo kila uchambuzi umalizike kwa kukagua mambo matatu. Kwanza, kila mwisho usiwe mdogo kuliko mwanzo wake. Pili, hesabu zikubaliane: katika mfano uliotumiwa, maneno 12, 14 na 6 ya mashahidi pamoja na 5 na 3 ya mhoji yanatimiza 40, bila kupungua wala kuzidi. Tatu, mtafiti achague kauli mbili au tatu, azichapishe kama zilivyotolewa na kompyuta, kisha azisome sambamba na nakala ya karatasi, neno kwa neno, akisikiliza sauti yenyewe kama ipo. Ukaguzi huu wa tatu ndio pekee unaoweza kufichua jina lililobandikwa kwa asiyehusika, kosa ambalo hesabu haiwezi kulinasa.

Kauli iliyotolewa Mitwaba, Lubumbashi au penginepo ilitolewa na mtu mmoja, kwa maneno yake, kuanzia neno fulani hadi neno fulani. Haki ya kwanza anayostahili mtu huyo katika utafiti ni kwamba mwanzo na mwisho wa maneno yake uandikwe sawasawa.